Fundi Rula na Gari la Marehemu

"Niambie ukweli, Fundi. Litapona au halitapona?"

Mkunga alisimama kando ya gari lake la kijivu, bado amevaa sare nyeupe ya zahanati, mkoba begani, macho ameyakaza kwenye uso wa mwanamume aliyeinama juu ya injini. Boneti lilikuwa wazi. Kichwa cha injini, kile kipande kizito kinachofunika silinda, kilikwisha kufunguliwa na kulazwa juu ya meza ya kazi.

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kana kwamba neno alilolitafuta lilikuwa limenasa chini ya kucha.

"Halitapona," akasema.

Huo ulikuwa uongo. Katika miaka kumi na tisa ya kazi yake hakuwa amepata kumdanganya mteja hata mmoja, na sasa alikuwa amemdanganya mwanamke aliyekusudia kumuoa.

"Una hakika?"

"Kichwa kimepasuka. Kimepinda pia. Maji yameingia kwenye oili, umejionea mwenyewe ilivyogeuka kama chai ya maziwa. Na moto ule umeshuka mpaka chini, kwenye bloku. Hapo hakuna kuunga, ni kununua injini nzima. Injini nzima inapita bei ya gari lenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo uza. Nina mtu wa vyuma chakavu, Ijumaa anaweza kuja kulivuta."

"Vyuma chakavu," Mkunga akarudia polepole, kama aliyeambiwa jina la ugonjwa. "Naomba dakika tano."

Alifungua mlango wa dereva, akaingia, akaketi. Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na matakia mawili makubwa, maana kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, na bila matakia hayo miguu yake isingefika kwenye breki. Mwaka uliopita Fundi aliwahi kumwambia, "Niache nikisogeze mbele, mgongo utakuua." Naye Mkunga akamjibu kwa sauti ambayo hajaisahau: "Kila kitu kiguse, Fundi. Kiti hicho usikiguse. Alikiacha hivyo mwenyewe."

Aliyekiacha hivyo alikuwa mumewe, marehemu sasa kwa miaka minne.

Fundi alijisogeza kando, akajifanya anapanga spana. Kupitia kioo cha mbele aliona midomo ya Mkunga ikichezacheza. Alikuwa akizungumza na mtu asiyekuwepo. Hapo ndipo uongo ule ulipoota mizizi. Mwaka mzima na nusu walikuwa wamependana kwa adabu, watu wazima wawili wasio na papara. Alimwomba ndoa, akaambiwa, "Nipe muda." Akautoa. Lakini kila alipomwona ameketi kwenye kiti kile akiongea peke yake, moyo ulimchoma kama aliyemeza kaa la moto. Mwanamume mwenye pumzi atashindanaje na asiye na pumzi? Marehemu hakosei, hachelewi, hanuki jasho la kazi. Basi gari lilipochemka barabarani na kuletwa gereji kwa kamba, Fundi alilifungua, akaona ubovu wake, akaona pia mlango. Akaupita.

Watu walimwita Fundi Rula kwa sababu ya rula ya chuma iliyokaa mfukoni mwa shati lake siku zote. Hakukadiria kitu kwa jicho. Tena alikuwa na desturi ambayo mafundi wenzake waliicheka: kila kipuri alichokifungua alikirudisha kwa mwenye gari ndani ya boksi, kimefungwa karatasi yenye jina lake na ubovu wake kwa mwandiko safi, ili mtu aone kwa macho yake kile alicholipia.

Mkunga alipotoka garini macho yake yalikuwa makavu, na ukavu huo ulimtisha Fundi kuliko machozi. Mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya. Ilichukua boksi. Ikatia boliti. Ikatia gasketi, ule utando mwembamba unaoziba kati ya kichwa na bloku, na kalamu ikaandika: *Gasketi ya kichwa. Imeungua katikati ya silinda ya pili na ya tatu.* Ikakifunga kile kichwa cha injini kwenye gunia na kuandika: *Kichwa cha injini.* Hapo kalamu ikasimama. Mdomo ulikwisha kusema, lakini mkono ulikataa kuandika.

Alilibeba boksi mpaka kwenye teksi, akamfungulia Mkunga mlango.

"Ahsante kwa kuwa mkweli," Mkunga akamwambia. "Mwingine angenila pesa mwezi mzima."

Teksi ikaondoka. Fundi alibaki amesimama kama nguzo.

*

Dada yake alikuwa na duka la vipuri mtaa wa pili. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ulimi usio na breki. Kesho yake asubuhi Fundi aliingia kununua plagi, akakuta amewekewa bahasha kubwa juu ya kaunta.

"Gasketi yako hiyo, mdogo wangu. Ya gari la wifi."

"Bado hajawa wifi yako."

"Atakuwa, kama utaacha kununa. Chukua. Ulinipigia juzi ukasema gasketi, pampu ya maji na themostati. Pampu inakuja kesho."

"Sizihitaji tena, Dada. Anauza gari."

"Anauza? Kwa gasketi?"

Fundi akatazama pembeni.

"Nitazame. Nimesema nitazame! Mimi nimekubeba mgongoni, najua ukidanganya masikio yanakuwa mekundu. Umemwambia nini yule mama?"

"Nimemwambia injini imekufa."

Dada akaweka kalamu chini. Ucheshi wote ukamtoka usoni.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimechoka kuoa watu wawili!" Fundi akafoka, kisha akashusha sauti, akitazama mlangoni. "Kila siku marehemu, marehemu. Gari likienda, naye ataenda. Ndivyo nilivyofikiri."

"Ndivyo ulivyofikiri. Na akishajua?"

"Atajuaje? Boksi liko kwake, gari liko kwangu, Ijumaa linavutwa."

"Boksi liko wapi?"

"Kwake."

"Umemwambia kichwa kimepasuka, halafu ukampa kichwa chenyewe akakae nacho?"

Fundi aliisukuma bahasha kando.

"Wewe hata wizi huujui," Dada akasema kwa huzuni. "Na nyumbani kwake anakaa na nani? Si yule mzee, baba wa marehemu? Yule aliyekereza vyuma miaka thelathini na kitu kwenye karakana ya treni? Ee mdogo wangu. Nenda kaseme mwenyewe. Leo, kabla hajafungua."

Simu ya Fundi ikalia mfukoni. Ujumbe wa Mkunga:

"Nimelala nikiwaza. Nimekubali. Mwite mtu wako Ijumaa. Baba bado sijamwambia, nitamwambia nikitoka kazini."

Fundi aliusoma mara tatu. Alikuwa amepata alichokitaka, na kilikuwa kichungu mdomoni kama kwinini. Akaanza kuandika: "Usiuze. Kuna jambo sikukuambia." Akafuta. Akaandika tena: "Tuonane kwanza." Akafuta. Mwisho akatuma neno moja.

"Sawa."

*

Siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, jua bado linapiga mabati ya gereji, simu iliita.

"Fundi." Sauti ya Mkunga ilikuwa tulivu, sauti ile anayoitumia kwa wazazi uchungu unapokuwa mkali.

"Naam, mwenzangu."

"Njoo nyumbani. Baba anakuita."

"Kuna nini?"

"Anasema uje na rula yako."

Njia ya dakika kumi na tano Fundi aliitembea kwa karibu saa nzima. Alipofika, mlango ulikuwa wazi. Kichwa cha injini kilikuwa juu ya meza ya chakula, kimetandikiwa magazeti, kimepakwa chaki nyeupe kote kama maiti iliyopakwa unga. Mzee aliketi mbele yake, amevaa miwani, magoti yake marefu yakikaribia kugusa meza. Mkunga alisimama dirishani, ameupa mlango mgongo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Keti. Hapana, usiketi. Simama hapo kwenye mwanga." Mzee akanyoosha kidole. "Mimi nimesoma karatasi zako zote. Una mwandiko mzuri. Kwenye gasketi umeandika ubovu. Kwenye boliti umeandika ubovu. Hapa kwenye kichwa umeandika jina tu. Nikajiuliza, huyu bwana amechoka, au amekosa la kuandika?"

Fundi alikitazama kichwa cha injini.

"Nikapaka mafuta ya taa," Mzee akaendelea bila haraka, "nikafuta, nikapaka chaki. Sisi tulipima hivyo. Penye ufa mafuta hutoka yenyewe yakachora mstari. Nimengoja saa nzima. Nionyeshe mstari, kijana wangu. Macho yangu yamezeeka."

"Hakuna mstari, Mzee."

"Mkwe wangu anasema kimepinda pia. Toa rula."

Fundi akaitoa. Akailaza rula juu ya kichwa cha injini kwa ubavu, akainama kutazama kama mwanga unapita chini yake.

"Soma."

"Kimenyooka. Kinataka kukwanguliwa kidogo tu, unene wa karatasi."

"Na bloku?"

"Bloku ni nzima. Niliipima. Ni gasketi, Mzee. Gasketi, pampu ya maji na themostati."

Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukisikika shwaa, shwaa. Mkunga aligeuka.

"Ulijua tangu jana?"

"Nilijua tangu juzi."

"Ulikuwa unataka kulinunua wewe? Ukalitengeneze uliuze?"

"La hasha! Sikutaka senti moja kutoka kwenye gari lile."

"Sasa ulitaka nini? Sema, Fundi. Nimezalisha wanawake wawili leo kwa kutembea kwa miguu mpaka kwao, sina nguvu za kubembeleza mtu."

Fundi alimtazama Mzee, akatamani asingekuwepo. Kisha akaona kwamba aibu hiyo ilikuwa haki yake, akasema.

"Nilimwonea wivu marehemu. Unaketi kwenye kiti kile unazungumza naye. Mimi nasimama nje kama mlinzi. Nikasema gari likiondoka, utanitazama mimi."

"Ukaona uniulie yule mtu mara ya pili."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakushukuru! Nilikuambia ahsante kwa kuwa mkweli. Ulisikia?"

"Nilisikia. Sijalala tangu hapo."

"Usinieleze habari za kulala!" Mkunga akasogea mpaka karibu yake. "Unajua nilikuwa nazungumza naye nini jana? Unadhani namwimbia? Nilikuwa nampa taarifa. Nilimwambia nimekubali kuolewa, Jumamosi nitakuleta mbele ya Baba. Nilikuwa namuaga, Fundi. Ndani ya gari lake. Wewe nje unapanga spana."

Fundi aliirudisha rula mfukoni. 

"Sasa nijibu swali moja," Mkunga akasema, sauti imerudi kuwa ya kazini. "Unijibu kama fundi, uache kuwa mwanamume kwa dakika moja. Nilitengeneze au nisilitengeneze?"

"Gharama yake si ndogo hata hivyo. Ni kama mshahara wako wa mwezi na nusu. Gari lina miaka ishirini na mbili, na mwakani litadai kingine, pengine shokomzoba, pengine klachi. Hilo nakuambia mapema. Lakini gia ni nzima, bodi haina kutu, na kwa pesa hizo hutapata gari lingine la kukufikisha kwa wajawazito wako wa mbali." Akamtazama usoni. "Litengeneze."

"Umesikia, Baba?"

"Nimesikia. Hapo amesema kama fundi."

"Basi utalitengeneza wewe," Mkunga akamwambia. "Na nitalipa kila kitu, sitaki gari la kuombewa msamaha. Ukimaliza utaniletea ufunguo. Jumamosi haipo tena."

*

Mzee alikuja gereji kila asubuhi na kigoda chake. Alisema amekuja kusimamia. Ukweli ni kwamba harufu ya oili ilimrudishia ujana.

"Kaza kwa mpangilio. Katikati kwanza."

"Najua, Mzee."

"Ulijua na juzi."

Fundi akakaza boliti ya katikati. Adhabu hiyo aliipokea siku nne mfululizo bila kunung'unika. Dada yake alipoleta pampu ya maji alimkuta amekonda.

"Shikamoo, Mzee. Hujampiga nyundo bado?"

"Ya nini? Huyu anajipiga mwenyewe vya kutosha."

Siku ya tano injini ilikubali kuwaka. Ilikohoa, ikatulia, ikanguruma kwa sauti moja nyororo. Fundi alifungua mlango wa dereva ili alisogeze nje, akayaona matakia mawili, akayahamishia kiti cha pili kwa uangalifu, akaketi ukingoni mwa kiti bila kukiegemea. Mzee alimwona.

"Kwa nini unaketi kama mwizi?"

"Kiti hiki alikiacha marehemu, Mzee. Sitaki kukiharibu tena."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena.

"Mwanangu alikuwa mfupi," akasema.

"Naam?"

"Alimfuata mama yake. Alikuwa mfupi, kimo kile kile cha mkewe. Siku aliyofariki, mimi ndiye niliyelirudisha gari kutoka hospitali. Magoti yangu hayakuingia. Nikakisukuma kiti nyuma." Akainuka kwenye kigoda. "Kesho yake nikamkuta binti yangu amekikumbatia kiti kile analia, anasema tazama Baba, alivyokiacha. Ningemwambiaje? Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo imefika miaka minne. Kila akishika kiuno jioni, najua ni mimi."

Fundi aliizima injini.

"Mimi nilikusimamisha kwenye mwanga mbele yake," Mzee akasema. "Nikakutolesha rula. Na kigoda hiki nilikuwa nakikalia kwa haki gani?"

"Mzee, langu lilikuwa la wivu. Lako lilikuwa la huruma."

"Mgongo wake haujui tofauti. Mpigie simu. Mwambie aje achukue gari lake."

Mkunga alifika adhuhuri, moja kwa moja kutoka zahanati. Alipokea ufunguo bila kumtazama Fundi. Boksi la vipuri vibovu lilikuwa mlangoni, kila karatasi imejazwa. Akainama, akaisoma ya kichwa cha injini: *Kilikuwa kizima. Fundi alidanganya. Kimekwanguliwa, kimerudishwa.* Akaikunja, akaitia mfukoni mwa sare.

"Binti yangu," Mzee akaita. "Kabla hujaingia."

Akamwambia yote, amesimama kwenye mwanga, kofia mkononi. Hospitali, magoti, kiti, wiki ijayo. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. Akakitazama kiti. Akayatazama magoti ya Mzee. Midomo ikaanza kumtetemeka, na wanaume wote wawili wakajiandaa kwa kilio.

"Miaka minne, Baba?"

"Miaka minne."

"Miaka minne nimevunjika mgongo kwa ajili ya magoti yako?"

"Nisamehe, mwanangu."

Kilichomtoka kilianza kama kicheko. Alicheka akijishika tumbo, akaegemea boneti, machozi yakamtiririka mpaka kola ya sare ikalowa, na hakuna aliyeweza kusema ni wapi kicheko kilikoma na kilio kikaanza. Mzee alimsogelea akamshika bega. Fundi hakusogea. Alijua nafasi yake.

Mwishowe Mkunga alijipangusa uso kwa kiganja.

"Fundi. Reli za kiti zina kutu?"

"Hazijasogea miaka minne. Zitakuwa zimeshika."

"Lete grisi."

Akaleta. Alipopiga goti ili apake, Mkunga alimnyang'anya kopo mkononi.

"Nitapaka mwenyewe."

Alipaka, akaingia, akavuta kitasa kilicho chini ya kiti. Kiti kiligoma. Akavuta tena kwa nguvu za mtu aliyezoea kuvuta roho za watu kuja duniani, nacho kikalia kriii, kikateleza mbele, kikakwama mahali pake kwa mlio mmoja. Miguu yake ikatua kwenye breki. Akaunyoosha mgongo wake, akafumba macho.

Kisha akayatupa matakia yote mawili kiti cha nyuma.

"Baba, hayo yako. Panda."

Mzee akapanda, akalalamika kwamba nyuma hapana nafasi ya mtu mwenye mifupa. Fundi alibaki amesimama, grisi vidoleni, rula mfukoni, hajui aage au aombe tena msamaha.

"Na wewe unangoja kamba?" Mkunga akamuuliza. "Ingia hapa mbele. Tunalijaribu mpaka zahanati na kurudi. Ukisikia mlio wowote, useme."

"Nitasema."

"Hata kama unajua wazi sitaupenda."

"Hata kama hutaupenda."

Aliwasha injini. Wakatoka langoni polepole, wakashika barabara. Walipofika kona ya kwanza Fundi akainua kidole.

"Kuna kitu kinagonga. Upande wa kushoto, mbele. Bushi, nadhani. Na itakugharimu."

Mkunga alikaza macho barabarani. Muda ukapita, nyumba tatu, nyumba nne. Kutoka nyuma Mzee akakohoa.

"Jumamosi," Mkunga akasema, "mje wewe na dada yako. Saa nne. Msichelewe."